Mshahara wa Norman

Simu ilimtaka Norman atabasamu.

Alikuwa ameketi kwenye benchi katika bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, tai shingoni, begi la kazi mapajani. Aliinua simu usawa wa uso. Geuza kichwa kushoto, ikamwambia. Akageuza. Kulia. Akageuza. Sasa tabasamu.

Akavuta midomo. Duara la kijani halikutokea. Alijaribu tena, na tena, huku mhubiri wa mchana akipaza sauti nyuma yake. Mwishowe yakatokea maandishi kwamba uso wake haujatambulika, na kwa usalama wake akaunti imefungwa.

Norman hakushtuka. Siku hizi hakuna kilichomshtua. Aliitazama ile alama ya kufuli jinsi mtu anavyotazama mvua akiwa ndani ya nyumba.

App iliyomfungia ilikuwa ya watu wa ng'ambo. Kibe, aliyekuwa akifanya naye kazi katika kampuni moja ya rangi Industrial Area, ndiye aliyemwonyesha. Humo unaweka dola, unanunua vipande vya hisa za Marekani, na ukienda dukani unalipia mkate kwa kadi yao. Kampuni ilipopunguza watu, Norman aliingiza humo malipo yake yote ya kuachishwa kazi. Kila mwisho wa mwezi aliuza vipande vichache, akazipeleka pesa benki, kisha akamwambia mkewe kwamba mshahara umeingia. Alikuwa mwajiri wake mwenyewe, na hakuwahi kujicheleweshea mshahara.

Mkewe, Veronicah, hakujua. Yeye alikuwa na kazi ya kompyuta katika ofisi moja Kilimani, na jioni akirudi nyumbani kwao mtaa wa Satellite hakupenda kuongea mambo ya huko. Alipenda kusikia ya mumewe. "Baba Stacy, kazi ilikuwa aje leo?" Norman hakukosa la kusema: lori la Nakuru limechelewa, bosi ameamka na hasira. Aliyasema bila kuhisi chochote, kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

Leo ilikuwa mwisho wa mwezi. Kodi ya nyumba ilisubiri, na karo ya Stacy.

Alibonyeza palipoandikwa Msaada. Akangoja hadi ujumbe ukaingia.

"Habari. Mimi ni Olivia. Nikusaidie vipi?"

Waliandikiana kwa Kiingereza. Akilini Norman alimwona mwanamke wa Kizungu, sweta ya sufu, kikombe cha kahawa, dirisha lenye ukungu. Akatuma namba ya akaunti na picha ya kitambulisho, akaeleza jinsi uso wake ulivyokataliwa.

Jibu lilikawia.

"Pole kwa usumbufu," Olivia akaandika. "Utaratibu unataka barua ya mwajiri wako, inayoonyesha kwamba bado uko kazini. Naamini hiyo unayo."

Norman aliutazama ujumbe huo. Kwa miezi yote hii alikuwa amemdanganya karibu kila mtu aliyemjua. Huyu hakumjua, na wala hawangekutana.

"Sina mwajiri," akaandika. "Niliachishwa kazi Januari."

Nukta tatu zikaanza kucheza chini ya kioo, zikapotea. Zikacheza tena, zikapotea. Norman akadhani mtandao umekatika.

"Mke wako anajua?"

Halikuwa swali la watu wa pesa. Labda alijaza mahali kwamba ameoa, siku ile alipojiandikisha.

"Hapana."

"Kwa nini hukumwambia?"

Vidole vyake viliandika vyenyewe. "Kila Jumapili jioni hunipigia pasi mashati ya wiki nzima. Huwa anaimba akipiga. Nikimwambia, hiyo Jumapili atafanya nini?"

Mhubiri alifunga Biblia yake, watu wakaanza kutawanyika kurudi maofisini. Norman alibaki akitazama simu. Hakujuta kusema, wala hakuhisi nafuu. Alikuwa amesema tu.

"Kitambulisho kinatosha," Olivia akaandika hatimaye. "Nimekufungulia. Uza unachotaka kuuza."

"Asante sana, Olivia. Mungu akubariki."

Mazungumzo yakafungwa.

Norman aliuza vipande vyake, akatuma pesa, akakaa pale pale mpaka saa ya watu kutoka kazini. Alitarajia moyo utamtulia. Moyo haukusema lolote.

Jioni hiyo Veronicah alifika nyumbani baada yake. Alikuwa amenunua nusu kilo ya nyama, ingawa ilikuwa Jumanne tu. Alipika bila kuwasha redio. Alimpelekea Stacy chakula chake chumbani alikokuwa akifanya kazi ya shule, akafunga mlango, kisha akarudi na kuketi mkabala na mumewe.

"Mshahara umeingia," Norman alisema.

"Sawa."

Wakala. Norman alimega ugali, akitafuta kichwani kisa cha kumpa leo, akingoja aulizwe. Hakuulizwa. Veronicah alikuwa akimtazama mikono.

"Mama Stacy, leo hata huniulizi kazi ilikuwa aje?"

"Leo wacha nikuambie yangu."

Norman akainua macho. Hakukumbuka ni lini mkewe alikuwa amesema hivyo.

"Pale ofisini hatutumii majina yetu," Veronicah alisema taratibu. "Wateja wanatoka kila pembe ya dunia, kwa hivyo kila mtu amepewa jina la Kizungu, jepesi kutamka." Alimwongezea nyama kwenye sahani. "Mimi nilipewa Olivia."