Tazama Chujio

Siku hizi mashine haifunguliwi kwa bisibisi. Unagusa neno kwenye faharasa iliyo kwenye skrini yake, neno linakupeleka kwenye ukurasa wa maelekezo, na ukurasa ndio unaofungua kifuniko.

Mashine ya kupumulia ya Mzee Makame ilipoziba, mkewe Tatu hakubabaika. Faharasa ile aliitunga mwenyewe kazini, kwa watengenezaji wa mashine hizo. Akagusa "Kuziba". Ikaandika: "Tazama Chujio." Akagusa "Chujio". Ikaandika: "Tazama Kuziba."

Ndipo akaliona kosa lake. Aliyaunganisha maneno mawili, akasahau kuyaunganisha na ukurasa. Na marekebisho husubiri kibali kwa wiki nzima.

"Umeupata ukurasa, Mama Rehani?" Makame aliuliza, pumzi zikimkatika.

"Nimeukaribia, Baba Rehani," alisema, akagusa tena "Kuziba".