Nati Isiyo na Mstari

Ndege hii niliiunga mwenyewe hapa Baraka, kipande kwa kipande, kutoka kwenye masanduku yaliyovuka ziwa. Kila nati nimeichorea mstari mwekundu kwa rangi ya kucha ya mke wangu, ili ikilegea hata kidogo nione.

Leo asubuhi nati moja, pale mkia unaposhikana na mwili, haikuwa na mstari. Nikaifungua, nikachomoa bolti yake. Bolti ya pikipiki! Kwenye ndege!

"Néhémie!"

Fundi wangu akaja anafuta mikono, hana wasiwasi.

"Ya zamani ilikuwa na kutu, patron. Niliweka ya mupya. Bulon ni bulon."

"Lini?"

"Juzi."

Jana nilimpeleka mke wangu Minembwe kwa ndege hii hii. Nilikuwa na haraka, sikukagua. Nikaibana ile bolti ngumini mpaka ikanikata.

"Kama bulon ni bulon, panda!" nikafoka. "Panda sasa hivi, twende juu ya ziwa tuone!"

Nikangoja aombe msamaha.

Akavua sandali, akapanda, akafunga mkanda, meno yote nje.

"Miaka tatu nakuomba, patron. Leo unanipeleka kweli?"