Tangi la Marehemu

Mwanamvua alikaa mkekani ndani ya nguo zake nyeupe za eda, akimtazama kaka yake Shebe akiuvuta mpira wa maji kwa mdomo mpaka maji ya tangi la kioo yakaanza kutiririkia nje dirishani. Ndani ya kile kioo alikuwamo samaki mmoja tu, dume la jamii ya sato, pana kama sahani ya pilau, na nundu kipajini. Kila jike aliyeletewa na marehemu mume wa Mwanamvua, samaki huyo alimpiga akamuua.

"Huyu si wa kukaa na mjane," Shebe alisema. "Nikamtie bwawani akagombane na wenziwe. Au unamtaka, dada?"

"Sijui." Tangu mazishi hilo ndilo lililokuwa jibu lake, hata akiulizwa kama amekula.

Maji yakafika nusu. Mwanamvua akaweka kidole kwenye kioo, basi tu. Samaki akaja mbio akakigonga, ko. Akarudi nyuma, akaja tena, na pezi la mgongo limeshatokeza nje ya maji.

"Hana adabu," Shebe akacheka. "Maji yanamwishia, naye anatafuta ugomvi."

Mwanamvua akainuka. Nyuma ya mlango zilikuwapo ndoo za maji ya bomba, yaliyolazwa ili ukali wa dawa uyatoke. Mumewe ndiye aliyekuwa akiyalaza. Siku hizi mikono yake yeye ilijiendea tu kila jioni, ikayalaza. Akachota kwa kopo, akamimina tangini. Akachota tena.

"Dada, mimi natoa, wewe unatia?"

Mpira uliendelea kutiririka, naye Mwanamvua akaendelea kumimina, na samaki akaupanda ule mkondo, mdomo wazi, akilifuata kopo.