Mshale Ulioshuka

Lori lililombeba Shekue lilishaanza kuondoka Bi Mwanjaa alipolikimbilia na chupa ya maji.

“Ya njiani, shemeji! Ya bwawa letu.”

Siku hizo kila mtaa ulikunywa bwawa lake la kuogelea, na mtunza chujio hakuruhusiwa kuhama mpaka mshale wa presha ushuke, ishara kwamba chujio limesafika. Wa Shekue, mtunza chujio wa mtaa huu, ulishuka. Yeye peke yake alijua kwa nini: mchanga wa chujio ulikuwa umefanya nyufa, maji yakipita humo bila kuchujwa, na uchafu wake. Kungoja mchanga mpya ni miezi, na binti yake mjamzito alikuwa peke yake Korogwe.

“Mbona huonji? Unaona kinyaa na maji yako mwenyewe?”

“Nitakunywa mbele, shemeji.”

Shekue alifika. Binti alijifungua salama. Mtaani waliugua kumi na wanane; Bi Mwanjaa alizikwa Ijumaa. Chupa ingali imejaa.