Sufuria Kwenye Buti

Tulisimama juu ya mlima ili watoto waione bahari kwa mara ya kwanza. Nilifungua buti la gari kutafuta kofia zao, nikakuta sufuria yangu.

Si sufuria ya chai. Ni ile ya kupikia watu thelathini, niliyoiacha juu ya kabati kwa mikono yangu mwenyewe. Imeviringishwa kwenye taulo langu jipya la ufukweni, lebo bado inaning'inia, na taulo zima limejaa masizi. Ndani yake, mwiko.

"Baba watoto, hii imefikaje hapa?"

Hakugeuka. Alikuwa mbele ya gari akiwapiga watoto picha.

"Ah, nilisahau kukwambia. Kaka zangu nao wanakuja na familia zao. Wanapenda sana mapishi yako, mke wangu."

"Wangapi?"

"Hawafiki ishirini."

Miaka kumi na moja naahidiwa likizo! Na juzi tu kaniapia, "Safari hii hutashika hata kijiko." Kwa hilo hakusema uongo. Kijiko hakupakia.

"Watoto, ingieni garini. Fungeni mikanda."

Mwiko nilimkabidhi mkononi. Akaupokea huku anacheka, akidhani yameisha.

Nikaenda nyuma, nikaifudikiza sufuria kwenye lami, nikaisukuma kwa mguu mpaka ikagusana na gurudumu. Taulo nikalikung'uta, nikajitanda mabegani na masizi yake.

Kisha nikaketi kwenye usukani, nikaweka rivasi.