Sala ya Mzee Gwasa

Mji ule ulikuwa na lugha mbili, moja ya sokoni na nyingine ya ofisini, na Mzee Gwasa alihakikisha wanawe wanazijua zote. Ile ya tatu, aliyokuja nayo kutoka ng'ambo ya mto, aliipiga marufuku nyumbani. Siku Devota, binti yake mkubwa, alipoteleza ulimi mezani, baba alimpaka pilipili mdomoni. "Hatukuja huku kuchekwa," alimwambia. Tangu siku hiyo lugha ile haikusikika tena nyumbani, na watoto wakaisahau.

Uzeeni akapooza upande mmoja. Aliyoambiwa aliyaelewa yote, lakini kila alipotaka kujibu, kinywani hakikuja kitu ila lugha ya mama yake.

Alasiri moja kiu ilimkaba. "Maji," alisema kwa lugha ile. "Nipeni maji."

Devota akamwinamia. "Unasemaje, baba?"

"Maji, mwanangu."

Devota akawageukia ndugu zake, machozi yakimlengalenga. "Anasali. Njooni tupige magoti."

Wakakizunguka kitanda. Mzee akakusanya nguvu zilizosalia, akasema tena, kwa sauti zaidi.

"Amina," wakaitikia.

Akauinua mkono kuelekea mtungi uliokuwa karibu na mlango. Mwanawe wa kiume akaudaka, akaubusu, akaurudisha kifuani pake. Mzee akalitafuta lile neno la sokoni, kisha la ofisini. Yote mawili yalimkimbia.

"Maji."

"Amina."

Devota akachukua kitambaa kikavu, akamfuta midomo iliyopasuka, taratibu, kama anayemfuta mtu aliyetoka kunywa.