Gari Lisiloyumba

Mzee Shebuge alilala chali chini ya gari la mwanawe Hizza, akifunga stabilaiza mpya ya nyuma, chuma kinachozuia gari kulala upande linapokata kona. Kuyumba kwa gari lile ndiko kulikokuwa kukimtia Hizza woga, na woga ndio uliomfanya akanyage breki. Mzee alilijua hilo, na bado alikaza.

"Ungeliacha hivyo hivyo, mwanangu."

"Usipofunga wewe, baba, nampelekea Mdoe."

Mdoe alikuwa fundi wa mtaa wa pili, aliyesifika kwa kuacha nati zikicheza. Basi mzee akapaka grisi, akaishusha jeki, akakaza tena gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kama inavyotakiwa. Hakuwahi kufanya kazi safi kuliko ile, wala kuichukia kazi kama ile.

"Ahsante, baba. Mungu akuweke," Hizza akasema, akawasha gari.

Barabara iliteremka moja kwa moja hadi kona ya mwambani. Kila siku mzee alisimama mlangoni mwa gereji akizingoja taa nyekundu za breki ziwake pale, ndipo arudi kazini. Leo pia alisimama, spana mkononi. Gari likashuka, likaingia kwenye kona limetulia kama maji mtungini. Taa hazikuwaka.

Mlio wa injini ukapotelea nyuma ya mwamba. Mzee akabaki ametega sikio, mkono wake ukiizungusha spana hewani, taratibu, kama mtu anayefungua nati.